Tarehe Tatu za Mimba Moja

Kadi yangu ya kliniki ilikuwa na tarehe tatu za kujifungua, na kila moja iliandikwa na mtu ambaye hakuonekana kuwa na shaka nayo. Ya kwanza, 10 Januari 2025, iliandikwa kwa wino wa buluu na muuguzi aliyenipokea hudhurio la kwanza. Ya pili, 15 Januari, iliongezwa pembeni kwa penseli baada ya kipimo cha ultrasaundi nilichofanya mimba ilipokuwa na wiki 12. Ya tatu, 29 Desemba 2024, ilikuwa kwenye karatasi iliyobanwa kwa pini juu ya kadi, kutoka hospitali moja ya binafsi nilikopimwa mimba ikiwa na miezi minane. Hiyo ya tatu ndiyo iliyoninyima usingizi, kwa sababu kwa hesabu yake, siku ya Mapinduzi, tarehe 12 Januari, nilipokuwa nimekaa barazani kwa mama mkwe wangu hapa Tanga nikila embe bichi kwa chumvi na pilipili, mimba yangu ilikuwa inatimiza wiki 42 kamili, na mtoto hakuonyesha dalili yoyote ya kutaka kutoka.

Watu wanapozungumzia mimba iliyopitiliza huanza moja kwa moja na swali la nini kifanyike: mama aanzishiwe uchungu, apasuliwe, au aachwe asubiri. Mimi nilijifunza, kwa kuchelewa kidogo, kwamba kabla ya hapo kuna swali ambalo lisipojibiwa mengine yote hujengwa hewani. Imepitiliza kutoka wapi? Nani alihesabu, na alianzia siku gani?

Tarehe ya hedhi yangu ya mwisho niliijua bila kubabaika, ingawa mimi si mtu wa kumbukumbu. Ilikuwa Ramadhani. Mwanamke wa Kiislamu akiingia hedhini huacha kufunga, na siku alizokula anadaiwa, kwa hiyo huziandika. Mimi niliziandika kwa penseli upande wa ndani wa mlango wa kabati la jikoni: 3 Aprili hadi 8 Aprili 2024, siku sita. Muuguzi alipoisikia ile 3 Aprili hakuhitaji hata kikokotoo. Aliongeza saba kwenye tarehe, akapunguza tatu kwenye mwezi. 3 ikawa 10, Aprili ikawa Januari. Kanuni hiyo inahusishwa na Franz Naegele, daktari wa uzazi Mjerumani wa karne ya 19, na inatumika hata katika zahanati isiyo na umeme kwa sababu kifaa chake ni vidole vya mkono.

Ina kasoro mbili. Ya kwanza ni ndogo. Mimba huhesabiwa kuwa ya siku 280 tangu hedhi ya mwisho ilipoanza, na siku 280 kutoka 3 Aprili zinaangukia 8 Januari, si 10, kwa kuwa miezi haina siku sawasawa. Siku mbili si kitu, mpaka zifike siku ambazo kila moja inabishaniwa. Kasoro ya pili ni kubwa zaidi: kanuni inachukulia kwamba kila mwanamke huona siku zake kila baada ya siku 28, na kwamba yai lake hupevuka siku ya 14. Mzunguko wangu ni wa siku 33 hadi 35 tangu nikiwa shule. Yai langu huchelewa kwa kama siku sita, na mimba iliyotunga siku sita baadaye haiwezi kukomaa siku ile ile na ya mwenye mzunguko wa siku 28. Hakuna aliyeniuliza jambo hilo, nami sikujua kuwa ni la kusema. Ukiziongeza siku hizo kwenye tarehe 8 unapata 14 Januari, jirani kabisa na ile 15 iliyoandikwa kwa penseli.

Kwamba penseli na mzunguko wangu vilikaribiana si bahati. Katika miezi mitatu ya mwanzo watoto wote hukua kwa mwendo unaofanana, ndiyo maana kipimo cha ultrasaundi cha wakati huo hukosea kwa siku tano hadi saba tu. Baadaye kila mtoto hufuata ukoo wake. Mwezi wa nane mashine hupima kichwa, tumbo na mfupa wa paja, kisha hukisia umri, na inaweza kukosea kwa wiki tatu mbele au nyuma. Mume wangu huinama anapoingia jikoni kwa mama yake. Ile 29 Desemba ilitokana na ukubwa wa mtoto wa mtu huyo, mashine ikauita umri. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kwamba kila mjamzito afanye walau kipimo kimoja cha ultrasaundi kabla ya wiki ya 24. Wengi wetu tunafanya kinyume, tunangoja tumbo liwe kubwa ili tujue jinsia, na tunarudi nyumbani tumejua ni wa kike au wa kiume na tumeupoteza umri.

Nataka pia kuwatendea haki wazee wetu. Mama mkwe wangu huhesabu kwa mwezi mwandamo, na kwake mimba ni miezi tisa. Nilidhani hesabu yake ni ya kienyeji mpaka nilipoipiga mwenyewe. Miezi tisa ya mwandamo ni takriban siku 265 na nusu, na ukiianzia siku mimba ilipotunga, yaani wiki mbili baada ya hedhi kuanza kwa mzunguko wa kawaida, unafika siku 280 karibu kamili. Wazee hawakukosea urefu wa mimba. Tatizo ni kwamba siku ya kutunga mimba haijulikani, kwa hiyo mmoja huanzia hedhi ya mwisho, na mtoto akifikisha wiki 38 hivi anaonekana amechelewa. Mwingine huanzia mwezi wa kwanza aliokosa siku zake, na anafika wiki 42 akiwa hana habari.

Sasa, hata tarehe ikiwa sahihi kabisa, ni watoto wachache sana wanaozaliwa siku hiyo hiyo, kama 4 au 5 katika kila 100. Mimba inahesabiwa kukomaa kuanzia wiki 37, na huitwa iliyopitiliza kwa maana ya kitabibu inapotimiza wiki 42, yaani siku 294. Wiki ya 41, iliyo katikati ya siku ya matarajio na hapo, ndiyo yenye mjadala. Mimba ya kwanza hukawia zaidi, na ya mtoto wa kiume pia, jambo ambalo bibi zetu husema bila takwimu na takwimu zinawaunga mkono. Aliyewahi kupitiliza ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupitiliza tena.

Hofu yenyewe ni kondo la nyuma. Linafanya kazi kwa muda, na baada ya muda huo kwa baadhi ya wanawake huanza kuchoka: maji ya chupa hupungua, mtoto anaweza kujisaidia humo humo tumboni, na akayavuta maji hayo machafu kwenye mapafu wakati wa kuzaliwa. Wengine kondo lao halichoki, na hapo mtoto anaendelea kunenepa hadi mabega yanakuwa na tabu kupita. Na wapo, wachache, wanaofia tumboni bila onyo. Uchambuzi mmoja uliochapishwa mwaka 2019, uliokusanya mimba milioni 15 kutoka nchi zenye kipato kikubwa, ulikuta kwamba hatari ya mtoto kufia tumboni ilipanda kutoka 0.11 kwa kila mimba 1,000 katika wiki ya 37 hadi 3.18 katika wiki ya 42. Kutoka wiki 40 hadi 41 peke yake, ongezeko lilikuwa kifo kimoja katika kila mimba 1,449. Nilizikariri namba hizi kama mtoto wa madrasa. Mchana zilinituliza, maana ni ndogo. Usiku zilinitisha, maana kila moja ina mama wake.

Jumatatu tarehe 13 nilirudi ile hospitali ya binafsi. Daktari alikuwa kijana mpole, aliyenipisha kiti chake mwenyewe kwa kuwa cha mgonjwa kilikuwa kimevunjika. Alitazama karatasi yake, akahesabu wiki 42 na siku moja, akanipima upya na kunipa mambo mawili mengine: mtoto ana kilo 4.2, na kitovu kimemzunguka shingoni. Kesho yake asubuhi nifanyiwe oparesheni. Kwa tafsiri ya mhasibu, maneno hayo yalikuwa na bei, na bei yenyewe ilitakiwa nusu yake ilipwe jioni ile.

Sitaki kumsema yule daktari kama mwizi. Alichoogopa kinaogopwa na wengi, na ukiipokea tarehe yake, uamuzi wake unafuata vizuri. Lakini sababu zile nyingine mbili nilikuja kuelewa kwamba hazibebi mzigo alioubebesha. Uzito unaokisiwa kwa ultrasaundi mwishoni mwa mimba hukosea mara nyingi kwa asilimia 10 hadi 15, na kitovu kuzunguka shingo huonekana katika kama robo ya watoto wote wanaozaliwa, wengi wao wakitoka salama kwa njia ya kawaida. Oparesheni nayo ina gharama isiyoandikwa kwenye risiti: kovu ambalo kila mimba inayofuata italazimika kulifikiria.

Hilo la kovu nililijua kutoka karibu, kwa wifi yangu. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwa oparesheni, na wa pili alipopitiliza siku tisa, milango iliyokuwa wazi kwangu kwake ilikuwa imefungwa. Misoprostoli, dawa ya kulainisha mlango wa kizazi ambayo ndiyo rahisi na inayopatikana zaidi, haifai kwa mwenye kovu kwenye mfuko wa uzazi, kwa sababu inaweza kuleta uchungu mkali kupita kiasi na kovu likaachia. Akabakiwa na kusubiri chini ya uangalizi wa karibu au kurudi mezani. Alirudi mezani. Aliniambia kwenye simu, "Wifi, mimi chaguo langu nilishalitumia mara ya kwanza, na sikujua kama nalitumia."

Nyumbani kila mtu alikuwa na lake. Mama yangu yuko Pangani, na kwa desturi yetu mzazi wa kwanza huenda kujifungulia kwa mama yake. Alikuwa amekwisha kunitandikia kitanda tangu Desemba. Yeye ni mtu wa mvumilivu hula mbivu. Mama mkwe akamjibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na kwa tumbo lililokuwa limekaa baina yao siku ile, sijapata kusikia methali ikikaa mahali pake kiasi hicho. Nililetewa chai ya mdalasini. Nililetewa tende, nikazila saba saba kila asubuhi, na hilo walau lina cha kulishikia mbali na kisa cha Bibi Maryam na shina la mtende: utafiti mdogo uliofanyika Jordan ulikuta kwamba wanawake waliokula tende sita kwa siku katika wiki nne za mwisho walipata uchungu wenyewe zaidi kuliko wasiokula. Somo yangu alinishauri jambo la mimi na mume wangu ambalo sitaliandika hapa, na ambalo tafiti hazijaonyesha kama linasaidia. Mafuta ya nyonyo niliyakataa, kwa kuwa jambo la hakika yanaloleta ni kuharisha. Jirani mmoja alinong'ona kuhusu mzizi unaochemshwa huko bara, na hapo mama mkwe mwenyewe alisimama: dawa ya kienyeji ya kuleta uchungu haina kipimo, haina wa kukusikiliza mapigo ya mtoto, na mfuko wa uzazi ukipasuka, hauulizi nani alikuwa na nia njema. Nasema hivyo hivyo kwa vidonge vinavyonunuliwa duka la dawa bila cheti. Kidonge cha misoprostoli kinachouzwa sana ni cha mikrogramu 200, wakati dozi ya kuanzishia uchungu kwa mtoto aliye hai ni mikrogramu 25, yaani sehemu moja ya nane.

Jumanne asubuhi nilikwenda hospitali ya serikali na kadi yangu yenye tarehe tatu. Mkunga aliyenipokea ni mtu mzima, nikamwamkia shikamoo, naye akanijibu bila kuinua macho kutoka kwenye kadi. Alichofanya kwanza ni kuichomoa pini. Aliitenga ile karatasi ya Desemba, akaigeuza uso chini mezani, akaandika nyuma yake mstari mrefu wenye alama tatu: tarehe 10, tarehe 15, na kwa mbali, tarehe 24, ambayo ni wiki 42 kwa hesabu ya wino. Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza katika miezi tisa.

"Unalala wapi siku hizi, mwanangu? Na saa nane za usiku mtoto akiacha kucheza, unafika hapa na nini?"

Nilimweleza kwamba niko mjini kwa mama mkwe, bajaji haikosekani, lakini mama ananingoja Pangani. Akaniambia kwamba kusubiri Tanga mjini na kusubiri Pangani ni mambo mawili tofauti, na kwamba yeye angeweza kunikubalia la kwanza tu.

Nimelifikiria sana swali lile, kwa sababu lilinipa njia ya kuzisoma tafiti nilizokuwa nikizisoma usiku kwenye simu. Uswidi walichukua wanawake 2,760 wenye mimba zisizo na tatizo, nusu wakaanzishiwa uchungu wiki ya 41 na nusu wakasubiri hadi wiki ya 42. Waliosubiri walipoteza watoto sita, wengine hawakupoteza hata mmoja, na utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Oparesheni hazikutofautiana baina ya makundi hayo. Kinachonivutia mimi ni jambo dogo lililo ndani yake: eneo la Stockholm, lililotoa takriban nusu ya wanawake wote, liliwapima akina mama kwa ultrasaundi walipofika wiki ya 41 kuangalia maji na hali ya mtoto, na hakuna kifo hata kimoja kilichotokea huko. Hilo halithibitishi kwamba kipimo ndicho kilichowaokoa. Lakini linaonyesha kwamba neno "kusubiri" halina maana moja. Kusubiri kwa Stockholm kulikuwa na mtu anayetazama. Kusubiri kwetu mara nyingi ni kurudishwa nyumbani na kuambiwa "njoo uchungu ukianza", na hiyo ni huduma nyingine kabisa, hata kama kwenye kadi zinaandikwa kwa neno moja.

Upande wa pili nao una haki yake. Mapitio ya mwaka 2020 yaliyojumlisha tafiti 34 na wanawake zaidi ya 21,000 yaliona kwamba kuanzisha uchungu, mara nyingi baada ya wiki 41, kulipunguza vifo vya watoto na hata oparesheni kidogo, lakini ilibidi wanawake wapatao 544 waanzishiwe ili kifo kimoja kiepukwe. Wale 543 waliobaki wanalala wodini, wanapimwa njia na kutundikiwa dripu, na uchungu wa kuanzishiwa, nawaambia niliyeupata, huja kwa hasira. Wodi yenye wakunga wawili na wazazi ishirini haiwezi kumwangalia kila mmoja kila baada ya nusu saa kama inavyotakiwa. Shirika la Afya Duniani linashauri kuanzisha uchungu kwa mwanamke ambaye ni hakika ametimiza wiki 41, na kutofanya hivyo kabla ya hapo iwapo hakuna tatizo. Neno la kushika hapo ni "hakika". Kwa wino, wiki 41 zilikuwa Ijumaa tarehe 17. Kwa penseli, zilikuwa Jumatano ya tarehe 22. Mimi niliiamini penseli.

Tukakubaliana hivi. Ningehesabu mateke ya mtoto kila jioni nikiwa nimelala ubavu wa kushoto, na yasipofika kumi ndani ya saa mbili nije bila kungoja asubuhi. Siku ya pili yake, Jumatano, angenipima njia, na kama inapitisha kidole angeutenganisha utando wa chupa na mlango wa kizazi kwa kukizungusha humo, kitendo ambacho huwaletea baadhi ya wanawake uchungu ndani ya siku chache na kuwaepusha na mengine. Na tungepima maji.

Kile kidole sikisahau. Kilidumu kama dakika moja, na katika dakika hiyo nilimwita Mungu kwa majina ambayo sikujua kuwa nimeyahifadhi. Njia ilikuwa bado imekaza, ndefu, na imeelekea nyuma. Halafu ultrasaundi ikaonyesha kidimbwi kirefu kuliko vyote cha maji kuwa sentimita 2.3. Ikishuka chini ya 2 huhesabiwa kuwa maji yamepungua. Wiki tatu kabla ya hapo nilikuwa na 4.

Hapo ndipo mizani iliponielemea, na nataka niseme wazi kwamba haikuelemea kwa sababu ya tarehe. Bado niliamini kuwa mtoto ana wiki 40 tu. Lakini nilikuwa nimekwenda pale nikitetea kusubiri kwa hoja kwamba ninaangaliwa, na kuangaliwa ndiko kulikoonyesha kitu. Ningeweza kuendelea kuitetea penseli mpaka tarehe 22, nikija kupimwa kila siku, na nadhani mkunga asingenilazimisha. Nilipomuuliza angemshauri nini binti yake, alinijibu kwamba binti yake hamsikilizi. Nikacheka, nikauliza tena, akasema Ijumaa.

Kati ya njia za kuanzishia tulichagua mpira. Ni ule ule mpira wa mkojo unaojulikana wodi zote, wenye puto dogo mwishoni; hupitishwa kwenye mlango wa kizazi, puto likajazwa maji, na mgandamizo wake ukaulainisha na kuufungua mlango taratibu. Ni wa bei ndogo, na hauleti uchungu mkali wa ghafla kama inavyoweza kutokea kwa dawa. Misoprostoli ya kunywa, ile inayoyeyushwa kwenye maji na kupewa kidogo kidogo kila baada ya saa mbili, nayo ingefaa, na huenda ingekuwa na kasi zaidi. Lakini wiki ile wodi ilikuwa imejaa, na mkunga alisema kwa uwazi kwamba hangependa kumpa mtu dawa ambayo hana mtu wa kumkalia nayo. Niliiheshimu sababu hiyo kuliko kitu chochote nilichokuwa nimekisoma.

Ijumaa saa nne asubuhi niliwekewa mpira. Mama alikuwa amekuja kutoka Pangani na kanga zake mbili jozi na chupa ya uji, akiwa amenisamehe kwa nusu. Saa mbili usiku mpira ulichomoka wenyewe nikiwa nakwenda msalani, njia ikiwa sentimita tatu. Asubuhi ya Jumamosi walipopasua chupa, maji yalitoka kidogo, ya kijani kibichi mepesi kama maji yaliyooshea mchicha, na nikaona mkunga na nesi wakitazamana. Wakanitundikia dripu ya uchungu. Kuanzia hapo mkunga alikuja kila baada ya muda na kile kijitarumbeta cha kusikilizia, akainamisha sikio tumboni kwangu huku ameshika saa yake mkononi, na mimi nilikuwa naangalia uso wake badala ya kumsikiliza. Saa tisa alasiri mtoto alizaliwa. Wa kiume, kilo 3.6. Kitovu kilikuwa kimemzunguka shingoni mara moja, kama alivyosema yule daktari kijana, na mkunga alikivusha juu ya kichwa kwa vidole viwili bila kusimamisha mazungumzo.

Alilia baada ya kusafishwa. Walipomleta kifuani nilikuta ngozi ya nyayo na viganja vyake imekauka na kubanduka kama ganda la kitunguu, na kucha zake zimepita ncha za vidole. Mama mkwe alizitazama, akasema, "Huyu alikaa kaa." Mtoto wa wiki 40 na siku 3, kama penseli ilivyodai, kwa kawaida hafiki hivyo. Inawezekana mwezi ule wa Ramadhani yai langu halikuchelewa kama lilivyozoea. Inawezekana wino ulikuwa karibu na ukweli kuliko nilivyokuwa tayari kukubali, na mimi, niliyekuwa nimeipigia hesabu mimba yangu kila namna, nilikuwa nimebakiza siku chache sana za kukosea.

Arobaini yangu iliisha mwishoni mwa Februari, na siku chache baadaye Ramadhani nyingine ikaandama. Nilipofungua kabati la jikoni kutoa sufuria la uji, zile siku sita bado zilikuwa pale mlangoni, sijazilipa. Nimeziacha. Chini yake nimeandika kwa kalamu ya wino, kwa herufi kubwa: mzunguko siku 33 hadi 35, waambie hudhurio la kwanza.